Shetani, Uzee au Sukari?

Kizimkazi ya Unguja, Dimbani au Mkunguni, alasiri ya Ramadhani. Babu mwenye kisukari anatoka jasho jembamba, mikono inamtetemeka, wajukuu anawajibu maneno yasiyo mbele wala nyuma.

"Kapandwa na shetani."
Si kweli, walau mpaka apimwe. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu zake, na chakula chake kikuu ni sukari ya damu, ambayo hauiwekei akiba ya maana. Mashine ya kupimia sukari ikisoma chini ya 3.9 (mmol/L), sukari imeshuka. Ikizidi kuteremka, mpole huwa mkali, ulimi huwa mzito, mtu huyumba kama mlevi asiyeonja pombe maishani. Walio hatarini zaidi ni wanaodunga insulini au kumeza glibenklamaidi. Dawa iko jikoni: vijiko vinne vidogo vya sukari katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Chetezo na ubani vitangoja. Aliyezimia hanyweshwi kitu, asije akapaliwa. Alazwe ubavu, gari itafutwe ya kwenda hospitali ya Makunduchi.

"Lakini amefunga."
Afungue. Chini ya 3.9 hakuna mjadala, na Qurani imeshampa mgonjwa ruhusa. Kutoboa kidole kupima hakubatilishi saumu.

"Kusahau ni uzee tu."
Nusu kweli. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya ubongo kama inavyoharibu ya macho na figo; kiharusi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu huwapata zaidi wenye kisukari, ingawa si wote. Dawa ya kisukari ya metformini nayo, ikitumika miaka mingi, huweza kupunguza vitamini B12. Pweza wa Kizimkazi anayo tele, ila dawa hiyo huzuia utumbo kuinyonya. Hilo hupimwa na kutibika.

"Basi sukari ishushwe kabisa, akili irudi."
Si kweli. Katika utafiti wa ACCORD wa Marekani, ushushaji wa sukari kwa nguvu ulisitishwa mwaka 2008 kwa sababu vifo vilizidi, na majaribio ya akili yaliyochapishwa 2011 hayakuonyesha faida. Kwa hiyo daktari akiiacha sukari ya bibi wa miaka 80 juu kidogo kuliko ya mwanawe, hajamsusa.