Kwa Nini Plau Haizami?

Kabla ya mvua ya masika, plau ya sahani katika mashamba ya Molo yaweza kuparuza ardhi badala ya kuipasua. Injini hulaumiwa bure. Sahani zisipokuwa butu, aghalabu kosa huwa katika mkono wa juu, mmoja wa mikono mitatu iunganishayo plau na trekta, mfumo ulioenezwa na Harry Ferguson. Ukifupishwa, plau huinama mbele na kuzama zaidi. Plau isipoinuka, mafuta ya haidroliki yakaguliwe kwanza.

Nimeuita “mkono wa juu” kwa makusudi. Fundi akitumia istilahi asiyoielewa mwenye shamba, watabishana huku msimu wa kupanda viazi ukipita.