Sifa tupu humpa mgema kiburi na mnywaji hasara

Wazee wa pwani yetu walitambua jambo moja muda mrefu kabla ya chupa ya kwanza ya wiski kuteremshwa katika bandari ya Mombasa: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Shuleni tulifundishwa methali hii kama onyo kwa mwenye kusifiwa, asije akavimba kichwa. Mimi nathubutu kusema kwamba ni onyo kubwa zaidi kwa mwenye kusifu. Kwani yale maji huishia tumboni mwa nani? Si mwa mgema. Huishia tumboni mwa yule aliyesifu bila kuonja na kulipa bila kuuliza.

Nayasema haya kwa kuwa wiski imekuwa kinywaji cha fahari miongoni mwetu. Katika sherehe nyingi za mijini chupa huwekwa katikati ya meza, kibandiko kikielekezwa kwa wageni, na mwenyeji akahakikisha kila mtu amesoma jina. Watu huisifu kwa bei yake, kwa umri wake na kwa ukubwa wa wanaoinywa. Ni nadra sana kumsikia mtu akieleza ilikuwa na ladha gani. Wapo wasomaji ambao dini zao zimewakataza kileo, na wengine wamekiacha kwa hiari baada ya kuona madhara yake. Hao sina la kuwashawishi, na msimamo wao nauheshimu. Maneno yangu yanawahusu walioamua kunywa, ambao kila mwisho wa mwezi hutoa fedha za jasho lao wakapewa sifa badala ya kinywaji.

Hebu tutazame kisa kilichotokea Marekani. Katika jimbo la Kentucky, mahali paitwapo Loretto, kuna kiwanda kinachotengeneza wiski ya Maker's Mark. Ni wiski ya aina ya bourbon, ambayo kwa sheria ya Marekani sharti angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, nafaka ile ile tunayosongea ugali, na sharti ihifadhiwe katika mapipa mapya ya mti wa mwaloni yaliyochomwa kwa ndani. Kwa miaka mingi wiski hiyo iliuzwa ikiwa na kileo cha asilimia 45. Sifa zake zikavuma, wateja wakaongezeka, mapipa yakawa hayatoshi. Nayo bourbon haiharakishwi. Ile inayouzwa leo ilipaswa kutiwa pipani miaka kadhaa iliyopita. Ndipo mwezi wa Februari mwaka wa 2013 wenye kiwanda wakatangaza kwamba wangeongeza maji ili nguvu yake ishuke hadi asilimia 42, na kwamba ladha isingebadilika.

Piga hesabu, msomaji. Kinywaji cha asilimia 45 kikishushwa hadi 42, chupa 100 za awali huzaa chupa 107 hivi. Hizo saba za ziada ni maji, nayo yangeuzwa kwa bei ya wiski. Methali ya wazee wetu ilikuwa inatimia ng'ambo ya bahari.

Lakini tazama kilichofuata. Wanywaji walilalamika kwa wingi, na kabla ya siku kumi kutimia wenye kiwanda wakabatilisha uamuzi wao. Asilimia 45 ikarudi. Walichoshinda nacho wanywaji wale kilikuwa tarakimu moja ndogo iliyochapishwa kwenye kibandiko, ambayo walikuwa wameizoea kuisoma. Katika jimbo jirani la Tennessee mambo yalikwenda vingine. Jack Daniel's ya kibandiko cheusi, ambayo hadi mwaka wa 1987 ilikuwa na asilimia 45, ilishushwa hadi 43, na baadaye ikashushwa tena hadi 40. Wapo walionung'unika, lakini haikurudi ilikotoka. Kinywaji hicho bado chavuma duniani kote. Aghalabu mpenda jina haulizi tarakimu.

Kwa hiyo la kwanza ninalolipendekeza ni kusoma. Kibandiko cha wiski ya Uskoti kina mengi ya kweli kwa anayejua kukisoma, maana sheria yao ni kali. Haiwezi kuitwa wiski ya Uskoti mpaka iwe imekenekwa huko, imekaa katika mapipa ya mwaloni huko huko kwa miaka isiyopungua mitatu, na ina kileo cha asilimia 40 au zaidi. Ikiandikwa miaka 12, maana yake ni kwamba hata tone changa kuliko yote ndani ya chupa hiyo limetimiza miaka 12 pipani. Ikiandikwa kuwa ni ya kimea kitupu cha kiwanda kimoja, imetokana na shayiri iliyooteshwa ikawa kimea, na haikuchanganywa na ya kiwanda kingine. Ikiandikwa kuwa ni mchanganyiko, basi wiski za kimea zimeunganishwa na wiski za nafaka nyingine, ambazo ni laini zaidi na gharama yake ni ndogo.

Mchanganyiko si tusi. Wiski zilizoifanya Uskoti ijulikane duniani zilikuwa za mchanganyiko, na waliozianzisha walikuwa wenye maduka ya vyakula kama John Walker, aliyefungua duka lake mjini Kilmarnock mwaka wa 1820. Muuza duka yule alijua jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: mteja hurudi kwa sababu ya kilichomo.

Nacho kibandiko kina mipaka yake. Umri hautoshi kuwa kipimo, na rangi ndiyo haina maana kabisa, kwa kuwa sheria hiyo hiyo ya Uskoti inaruhusu kuongezwa rangi ya sukari iliyounguzwa. Mwezi wa Januari mwaka wa 2010 gazeti la The Times liliandaa uonjaji katika eneo la Leith, mjini Edinburgh, ambapo waonjaji hawakuambiwa ni kipi kilichomo katika bilauri ipi. Mshindi hakuwa Mskoti wala Mwingereza. Alikuwa Kavalan, wiski ya kutoka Taiwan, kisiwa chenye joto, ambayo kiwanda chake kilianza kukeneka mwaka wa 2006 tu. Joto lile huifanya wiski ichote ladha ya mti kwa haraka, ingawa pia huifanya ipotee hewani kwa wingi. Waonjaji waliofunikiwa majina walimpa ushindi mtoto wa miaka isiyotimia minne.

Hata bei hudanganya ulimi. Mwaka wa 2008 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa divai. Watu walipewa divai ile ile mara mbili. Mara moja wakaambiwa bei yake ni dola 10, mara nyingine dola 90. Waliisifu zaidi walipoambiwa ni ya dola 90, na vipimo vya bongo zao vilionyesha kwamba hawakuwa wakijisingizia. Kweli waliifurahia zaidi. Ama kwa hakika bei ni kitoweo kikali. Ndiyo maana mwenye kutaka kujua thamani ya chupa hana budi kuifunika.

Mimi na wenzangu wanne tumekuwa tukifanya hivyo kwa miaka kadhaa sasa. Tunachanga, tunanunua chupa tatu au nne, tunazivika karatasi za gazeti na kuzipa nambari. Chupa ya mililita 750 hutoa toti 25 za mililita 30, kwa hiyo watu watano huonja sana na kulewa haba, na salio huwekwa akiba kwa siku nyingine. Kila mmoja huandika alichokiona puani, kinywani na kooni, kisha hutaja bei ambayo angekubali kuilipa. Karatasi huondolewa mwishoni. Siku moja chupa ya miaka 18, iliyonunuliwa kwa fedha za kumlisha mtu mwezi mzima, ilishika nafasi ya tatu kati ya nne. Aliyeileta akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mabwana, nipeni tena ile nambari mbili." Nambari mbili ilikuwa mchanganyiko wa kawaida kabisa.

Tuligundua pia kwamba tulikuwa hatuna haja ya kuazima maneno. Vitabu vya wageni husema wiski fulani inanukia maua ya vilima vya Uskoti au keki ya Krismasi ya Uingereza. Kwetu sisi zile za mapipa yaliyowahi kuhifadhi divai ya sheri ya Uhispania zina tende na sukari nguru. Zile za Kentucky zina harufu ya sukari iliyoanza kuungua sufuriani na vanila. Zile za kisiwa cha Islay, ambako kimea hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi uitwao piti, humkumbusha mwenzetu kutoka Bomet maziwa ya mursik, yatokayo katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Mama mmoja katika kundi letu, mwuguzi mstaafu, alipoinusa Laphroaig ya miaka 10 aliangua kicheko akasema, "Jamani, hii ni wadi ya upasuaji!" Hakukosea. Wajuzi wa duniani kote huitambua wiski ile kwa harufu ya dawa ya vidonda. Mtu akikueleza hivyo, umepata ushauri wa kweli, kwani utajua kama fedha zako ziende huko au zisiende.

Nami nitatoa ushauri wangu kwa namna hiyo hiyo. Anayeanza na ajaribu Jameson ya Ireland. Hukenekwa mara tatu, kwa hiyo ni laini na haimkwaruzi koo. Anayependa moshi lakini mfuko wake ni mwepesi aitafute Teacher's, mchanganyiko wenye kimea cha kutosha na moshi wa wazi. Atakayeongeza kidogo apate Black Label ya Johnnie Walker, ambayo kila tone lake lina miaka 12 au zaidi. Moshi wake hauko mbele, huja nyuma ya utamu. Monkey Shoulder ni mchanganyiko wa wiski za kimea pekee, ina asali na vanila, na haina makali. Kwa bourbon, ile ile Maker's Mark iliyookolewa na wateja wake bado inastahili. Zote zionjwe kwa matone machache ya maji safi, maana maji hufungua harufu. Maji ayatiayo mnywaji mwenyewe katika bilauri yake hayana ubaya.

Liko jambo zito zaidi kuliko ladha. Nchini mwetu sifa tupu zimewafungulia mlango watu wabaya kuliko mgema wa methali. Chupa yenye jina kubwa hukusanywa ikiwa tupu, ikajazwa kinywaji kisichojulikana asili yake, ikauzwa tena. Mimi binafsi nimewahi kuuziwa chupa ya namna hiyo, kizibo kikiwa kimekaa upande. Tunazijua gharama za pombe yenye sumu. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2000 watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi kwa kunywa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Mwezi wa Februari mwaka wa 2024 watu zaidi ya kumi walikufa katika kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Waliokufa aghalabu walikuwa maskini waliotafuta kilicho rahisi, lakini methanoli haibagui mkoba, na hakuna ulimi, hata wa mjuzi, unaoweza kuitambua.

Kwa hiyo thamani nzuri isichanganywe na bei ya kushangaza. Chupa inayouzwa kwa nusu ya bei ya maduka mengine si bahati, ni swali. Tazama muhuri wa ushuru; Mamlaka ya Ushuru nchini ina programu ya simu ya kuuhakikisha. Tazama kizibo, tazama kama kibandiko kimenyooka, dai risiti. Na ukimaliza chupa, kwangua kibandiko chake au ivunje kabla ya kuitupa, ili jina lililokuvutia wewe lisije likamwua jirani yako.

Tunywao tuna deni kwa wenzetu. Anapokuuliza mtu anunue chupa gani, usimjibu kwa jina wala kwa umri. Mwambie ina nguvu asilimia ngapi, uliinunua wapi, ulilipa kiasi gani, ilinukia nini na ilikuacha na nini kooni, hata kama jibu hilo litakufanya uonekane mtu wa chupa za bei ya chini. Wale wa Kentucky walirudishiwa asilimia zao tatu kwa sababu walijua walichokuwa wakinywa. Sisi nasi tusiwe wepesi wa kumsifu mgema kabla hatujaonja kilichomo kibuyuni.