HESABU YA MWENDO HUSAIDIA MGONJWA

Hesabu ya mwendo ina mambo matatu: umbali, mwendo na muda. Ukijua mawili, la tatu unalipata.

Umbali = mwendo × muda
Muda = umbali ÷ mwendo
Mwendo = umbali ÷ muda

Kwa mfano, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450. Basi likienda wastani wa kilomita 50 kwa saa, muda ni 450 ÷ 50. Jibu ni saa 9.

Haya, sasa tutazame jambo zito. Mama mjamzito anaumwa kijijini. Hospitali iko kilomita 24. Saa 2 asubuhi wanapiga simu. Mganga anasema mama anaweza kusafirishwa, lakini gari liko safarini, litaondoka hospitali saa 4. Kijijini upo mkokoteni wa ng'ombe. Je, wangoje au waondoke?

Mkokoteni huenda kilomita 4 kwa saa. Gari kwenye njia ile huenda kilomita 36 kwa saa.

Wakingoja: 24 ÷ 36 ni theluthi mbili za saa, yaani dakika 40. Kwenda dakika 40, kurudi dakika 40. Mama atafika saa 5 na dakika 20.

Wakiondoka saa 2: ikifika saa 4 mkokoteni umekwenda 4 × 2 = kilomita 8. Zimebaki 24 − 8 = kilomita 16. Watakutana na gari baada ya muda gani? Hatuujui muda huo, basi tuuite M.

Mkokoteni utakwenda 4 × M. Gari litakwenda 36 × M. Jumla yake ni kilomita 16:

4M + 36M = 16
40M = 16
M = 16 ÷ 40 = saa 0.4

Angalia hapa! Saa 0.4 si dakika 40. Saa moja ina dakika 60, kwa hiyo zidisha: 0.4 × 60 = dakika 24.

Tuhakikishe. Mkokoteni: 4 × 0.4 = kilomita 1.6. Gari: 36 × 0.4 = kilomita 14.4. Jumla ni 16. Ni sawa.

Watakutana saa 4 na dakika 24. Gari litarudi kwa dakika 24 zile zile. Mama atafika saa 4 na dakika 48. Wameokoa dakika 32, na kwa mgonjwa hizo si kidogo. Lakini lazima dereva aambiwe njia wanayopita, wasije wakapishana.

ZOEZI: Basi hupita barabara kuu saa 12 asubuhi. Kutoka kwako ni kilomita 10, nawe hutembea kilomita 5 kwa saa. Uondoke saa ngapi?

JIBU: 10 ÷ 5 = saa 2. Uondoke saa 10 alfajiri, tena usichelewe.