Dakika Kwanza, Sanduku Baadaye

Ofisi nyingi zikiulizwa zimejiandaaje kwa huduma ya kwanza huonyesha sanduku lililotundikwa ukutani, pengine lenye kufuli ambayo ufunguo wake anao ofisa utumishi aliye likizo. Tathmini ya kweli haianzii hapo. Huanza na swali: mtu akianguka ghorofa ya tisa, zitapita dakika ngapi kabla ya mwenye ujuzi kupiga magoti kando yake? Moyo ukisimama, ubongo huanza kudhurika ndani ya dakika 4 hadi 6, na kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa hupunguza uwezekano wa kunusurika kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Kinachopimwa, basi, ni muda. Hesabu ya watu, vifaa na mafunzo hutokana nao.

Wengi hupenda njia fupi zaidi, yaani kuazima viwango vya Uingereza, ambako mwongozo wa kanuni za mwaka 1981 hupendekeza angalau mtoa huduma ya kwanza mmoja kwa ofisi ya watu 25 hadi 50 isiyo na hatari kubwa. Namba hiyo inavutia kwa wepesi wake, lakini ina mgongo usioonekana: huko gari la wagonjwa limepangiwa kuwafikia walio katika hatari ya kufa kwa wastani wa dakika 7. Dar es Salaam wagonjwa wengi hufika hospitali kwa teksi, bajaji au gari la mwenzao. Ukiichukua namba ukauacha mgongo wake, umechukua nusu ya hesabu. Jengo la eneo la Posta, katikati ya jiji hilo, lenye lifti mbili, moja mbovu, linahitaji mtu aliyefunzwa katika kila ghorofa, hata kama ghorofa hiyo ina watu 15 tu.

Atatokea wa kusema Hospitali ya Muhimbili si mbali. Ni kweli kwa ramani. Kwa foleni ya saa kumi na moja jioni, baada ya kumshusha mgonjwa kwa ngazi, ni habari nyingine. Hoja nzito zaidi ni kwamba ofisini hakuna mashine za kukata mikono. Naikubali, ila inahusu kazi na kusahau wanaoifanya. Kundi lolote la watu wazima huwa na wenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au kifafa, na chakula cha mchana kinaweza kumkaba yeyote kooni. Wala hatuhitaji kupekua siri za afya za mtu ili kujiandaa: tuchukulie kwamba wagonjwa hao wapo, na anayetaka kumweleza mwenzake hali yake afanye hivyo kwa hiari. Hata birika la chai lina swali lake. Aliyeungua hupoozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, si kwa dawa ya meno; kwa hiyo mkaguzi afungue bomba la jikoni aone kama maji yanatoka, na kama hukatika, iwekwe akiba. Sandukuni zibaki glavu, gozi, bandeji na plasta. Panadoli zina mahali pengine.

Kuna pengo ambalo orodha ya mishahara hulificha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wa Tanzania Bara wajibu wa kulinda usalama na afya ya watu kazini, lakini walinzi na wafanya usafi mara nyingi huajiriwa na kampuni nyingine, hivyo tathmini huwaruka. Ndio hao wanaofungua jengo alfajiri na kulifunga usiku, wakati wenye vyeti vya huduma ya kwanza wako nyumbani. Mhasibu anayechelewa kufunga hesabu za mwezi akianguka saa mbili usiku, atakayemfikia kwanza ni mlinzi. Gharama ya kumfunza mlinzi huyo iingizwe kwenye mkataba wa ulinzi, pamoja na funguo za kila mlango anaotakiwa kuufungua.