Wimbo wa Taifa na Deni la Mtunzi

Ukipita Bugembe asubuhi, ukitoka Jinja kuelekea Malaba au Busia, huenda ukasikia watoto wa shule wakiimba wimbo wa taifa la Uganda. Ni miongoni mwa nyimbo za taifa zilizo fupi kabisa duniani. Kabla dereva hajabadili gia, ubeti umekwisha.

Aliyetunga maneno na muziki wake ni George Wilberforce Kakoma, aliyezaliwa mwaka 1923. Wimbo ulianza kutumika nchi ilipopata uhuru, Oktoba 9, 1962. Kakoma alieleza kuwa alichopewa ni shilingi 2,000 tu, za shukrani. Mwaka 2008 aliishtaki serikali, akidai haki yake ya mtunzi. Alifariki Aprili 2012, akiwa na miaka 89.

Gunia la mahindi likivuka mpaka, lina mwenyewe, lina bei na lina karatasi. Wimbo huvuka bila mzani wala risiti, na kila mtu huuona ni wake. Kwa hiyo mtunzi, kama mchuuzi, aandikiane na mnunuzi kabla ya kukabidhi mzigo. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.