Kati ya Kiberiti na Mvua ya Kwanza

Taarifa ya hali ya hewa inapofika Ruvuma, msomaji wa redioni huwa amebakiwa na pumzi ya sentensi moja: mawingu kiasi, vipindi vya jua, mvua na ngurumo katika maeneo machache. Kisha huyoo, ameshahamia Lindi na Mtwara. Lakini mtu wa Mbinga mjini, mwenye mibuni yake mlimani na shemeji anayevua kule ziwani Liuli, anabaki akijiuliza hayo maeneo machache ni yapi.

Ana haki ya kuuliza. Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 474 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo inapanda hadi karibu mita 2,000. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina kilomita 66 tu, lakini aliyepanda gari na koti alfajiri hulivua kabla ya kuliona ziwa. Kila ukishuka mita 1,000, joto hupanda kwa nyuzi sita hivi. Tangu mwaka 2012 huku juu ni Wilaya ya Mbinga na kule chini ni Wilaya ya Nyasa, wenye wakurugenzi wao na ofisi zao. Redioni bado ni sentensi moja.

Wiki ambazo sentensi hiyo haitoshi kabisa ni zile za Oktoba na Novemba. Mnamo tarehe 21 au 22 Oktoba jua la saa sita mchana hupita juu kabisa ya utosi wa Mbinga. Kisha huendelea na safari yake kusini, na kurudi tena utosini kuelekea tarehe 20 Februari. Jua ni lilelile, lakini Februari hulikuta anga likiwa na mawingu na ardhi imeloa, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu zake huishia kukausha maji. La Oktoba halina cha kukausha. Mvua za msimu ziliondoka Aprili au Mei, nyasi zimekuwa makapi, vijito vimesinyaa, na joto lote linaishia kwenye udongo, mabati na vichwa vya watu. Miti ya miombo pekee ndiyo inayojifanya haijui: hutoa majani mapya mekundu kabla hata tone moja halijaanguka.

Majani hayo mabichi yamesimama juu ya zulia la nyasi kavu, na hapo ndipo moto unapoingia. Msituni huku haulazimiki kungoja radi. Mara nyingi huwashwa na mkono wa mtu: anayesafisha shamba jipya, anayetaka nyasi changa za mifugo, mrina asali aliyeacha kienge kikifuka, mwindaji wa panya, mchoma mkaa, na wakati mwingine mtoto mwenye kiberiti na muda mwingi. Wengi wao si wahalifu. Mkulima anayechoma shamba anafanya hesabu ngumu. Akichoma mapema mno, magugu yanarudi kabla ya kupanda. Akichelewa, mvua ya kwanza inalowesha takataka zake na kazi ya wiki nzima inaharibika. Kwa hiyo husubiri hadi karibu na mvua kadiri awezavyo, yaani huwasha moto katika siku ambazo nchi ni kavu kuliko wakati wowote wa mwaka. Jirani yake naye amepiga hesabu hiyohiyo.

Milima nayo huongeza matata. Moto unaopanda mteremko hukimbia, kwa sababu ndimi zake huelekea juu na kuzikausha nyasi zilizo mbele kabla ya kuzifikia. Mchana, upepo wa ziwani unapovuma kuelekea nchi kavu, unausukuma huko huko juu. Aliyewasha kipande chake chini ya kilima saa saba mchana hawezi kusema kwamba moto ulimtoroka, ameupeleka mwenyewe. Angewasha jioni, upepo umetulia, akiwa na watu wa kulinda mkuza, habari ingekuwa nyingine.

Kilimanjaro walionja hali hii Oktoba 2020, pale moto ulipounguza zaidi ya kilomita za mraba 95 za mlima na mamia ya watu wakapanda kuuzima. Ule ulitangazwa duniani kote. Mioto ya miteremko ya Nyasa haina watalii wa kuipiga picha, hivyo hupita kimyakimya, na tunaiona tu kama ukungu wa moshi juu ya ziwa unaofanya jua la magharibi liwe jekundu.

Hapa nina la kulisema juu ya kalenda. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili, kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba. Kwa mbegu na mbolea muda huo unatosha. Kwa moto umechelewa, kwa maana viberiti vimeshatoka mfukoni. Na hata ukiwahi, utabiri unaosema mvua zitaanza wiki fulani ya Novemba ni taarifa ya moto bila kujijua: unamwambia kila mkulima wiki ya kuchoma. Ningependa kusikia angalizo la ukavu na upepo mwezi Agosti na Septemba, kwa sauti ileile inayotumika kwa mawimbi makubwa na mvua kubwa, likisomwa pamoja na maofisa misitu na watendaji wa vijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haikuusahau moto, lakini sheria haijui kesho upepo utavuma kutoka wapi.

Ajabu ni kwamba nchi hii hii ina watu waliokwisha kupata njia ya kulima mlima bila kuuchoma. Ngoro za Wamatengo zina umri wa zaidi ya miaka 100, na simulizi nyingi huzihusisha na karne ya 19, Wangoni walipowabana watu hawa milimani wakalazimika kuishi na kula kwenye eneo dogo lenye miteremko mikali. Mvua zinapoelekea ukingoni, mnamo Machi, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga chini kwa mistari inayokatizana, hadi mlima mzima unakuwa na miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi. Panapochimbwa hubaki shimo, na palipofukiwa huinuka tuta la kupandia maharage. Mahindi hufuata msimu unaokuja. Nyasi ambazo kwingine zingegeuka majivu, hapa zinaoza ndani ya tuta na kuwa mbolea. Mvua kubwa ikija, kila shimo hukamata maji yake na udongo wake, mteremko usikimbilie mtoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani wamezichunguza kwa miaka mingi, na wameandika mengi ya kuzisifu. Kasoro yake inajulikana na kila mwanamke wa Umatengo: jembe la ngoro linavunja mgongo, na vijana wanaliogopa. Moto ni rahisi. Ndiyo maana mashamba mapya ya chini kuelekea ziwani hayachimbwi ngoro kwa moyo uleule.

Basi mvua yenyewe inakuja vipi? Mchana wa Novemba, hewa yenye unyevu kutoka ziwani hupanda ukuta wa milima, hupoa, na wingu hukua kwenda juu kwa saa chache tu. Matone yanapoanza kushuka hupoza hewa inayoyazunguka, hewa hiyo nzito huporomoka na kutapakaa chini mbele ya mvua. Ule upepo wa ghafla wenye harufu ya udongo ambao kila mtu huufurahia ndio huo. Aliyeacha kisiki kikifuka shambani asiufurahie. Unafika dakika kadhaa kabla ya mvua, na wakati mwingine mvua yenyewe haifiki kabisa, inaishia kilima cha pili.

Kwa wenye kahawa, mvua hizo za kwanza ni heri, maana mibuni iliyokaa kiu ndiyo huchanua ikinyeshewa. Zikija na mawe, maua na majani huchanika. Na zote huja na radi. Tarehe 27 Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda, wilayani Bukombe mkoani Geita, na kujeruhi wengine wengi. Bado tunasikia habari za radi ya kutumwa na za kuficha vioo. Mimi namshauri mtu ahesabu. Ukiuona mwako, hesabu sekunde hadi ngurumo, na kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikipungua 30, toka chini ya mwembe, ingia kwenye nyumba imara au gari lenye bodi ya bati.

Mvuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, hana nyumba wala gari la kukimbilia. Huingia ziwani jioni na taa zake, na ziwa hubaki na joto wakati milima imepoa. Upepo hugeuka, huvuma kutoka nchi kavu, na mawingu yaliyokuwa milimani mchana huweza kuinuka juu ya maji usiku wa manane au alfajiri. Juu ya maji yaliyo tambarare, kichwa cha mwanadamu ndicho kilima. Nyasa lina urefu wa kilomita 580 hivi, na mawimbi yake yana historia: Julai 30, 1946 meli Vipya, ikiwa bado mpya, ilipinduliwa na dhoruba upande wa Malawi ya leo na watu 145 wakafa. Dhoruba ile ilitokana na pepo za kusini za majira ya baridi, ambazo wenyeji huzitarajia na kuzipangia. Dhoruba ya Novemba haivumi siku nzima. Huja na kuondoka ndani ya saa moja, na mtumbwi unaojaa maji hauhitaji hata nusu yake.

Kwa hiyo mtu wa Mbamba Bay anachohitaji kutoka kwenye sentensi ile ya redioni ni vitu viwili: upande gani wa mlima, na saa ngapi. Mama mwenye usipa wake chanjani anaweza kuuanua kwa dakika kumi akiona wingu. Waendao majini wanahitaji kuambiwa kabla hawajapakia mafuta ya taa zao.