Fundi Amesema Sensa? Soma Namba Kabla ya Kuweka PIN

Subaru Impreza WRX yako ya 2002 imekuwa sawa tu, halafu asubuhi moja taa ya injini inawaka. Gari halivuti. Fundi anachomeka mashine, inaonyesha P0101. "Hiyo ni sensa ya hewa, boss. Tuma pesa niitafute."

Ngoja kwanza. P0101 inakuambia pa kuanzia kutafuta, haisemi lazima sensa imekufa. Paipu ya hewa iliyopasuka, filta chafu au waya uliolegea unaweza kuleta ujumbe huohuo. Mwambie fundi akague hivyo vyote, kisha asafishe sensa kwa dawa yake ya kupuliza. Huenda usinunue chochote.

Ikibidi kununua, toa ile ya zamani usome namba iliyoandikwa juu yake. Sensa mbili zinaweza kufanana umbo, zikaingia soketi moja, na bado zikapima hewa tofauti. Kwa gari la turbo hilo si jambo dogo. Kompyuta ikidhani hewa ni kidogo, inapunguza petroli. Ukikanyaga mafuta, joto linapanda na pistoni zinaweza kupasuka. Umeokoa elfu chache, umepoteza injini.

Kwa sensa ya hewa, orijino iliyotumika yenye namba ileile mara nyingi ni afadhali kuliko mpya isiyojulikana imetoka wapi. Sensa ya oksijeni ni tofauti: hiyo huchoka kwa matumizi, kwa hivyo nunua mpya.

Sasa malipo. Uwe Kirinyaga Road au unanunua kwa simu, fuata hatua hizi:

1. Omba picha inayoonyesha namba ya sensa. Linganisha na yako, herufi kwa herufi.
2. Kubalianeni kwa ujumbe, si kwa mdomo tu, kama utairudisha isipofaa.
3. Lipa kwa Till ya duka. Ukiambiwa "tuma kwa namba ya mdogo wangu," uliza kwa nini.
4. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Si la duka? Acha hapo.
5. Usifute SMS ya malipo. Ndiyo risiti yako.

Kumbuka, mpokeaji akishatoa pesa, kuirudisha ni vigumu. Namba ya sensa kwanza, jina la muuzaji pili, kukamilisha malipo mwisho.